Saa ya Mzamiaji

Kwa Kiswahili cha bandarini, mzamiaji ni watu wawili. Wa kwanza huvaa miwani akashuka chini ya maji kutafuta pweza, kamba-kochi au nanga iliyokatika. Wa pili, akijaliwa, hagusi maji kabisa. Huyu huingia melini usiku, akajibanza penye giza mpaka nchi imepotea machoni, na akifika ng'ambo ataitwa mzamiaji maisha yake yote hata kama hajui kuogelea. Mjomba wangu alikuwa wa aina ya pili. Saa aliyorudi nayo ilitengenezwa kwa ajili ya wale wa aina ya kwanza.

Hadithi yake naijua kwa ghibu, kwa kuwa nimelelewa nayo. Mwanzoni mwa 1983 aliingia kwenye meli iliyokuwa ikipakia katani Tanga. Pesa ya kumpa mtu aliyemfungulia njia ilitoka kwa mama yangu, dada yake, aliyeuza cherehani. Akafika Piraeus, bandari ya Athens, akaosha vyombo kwenye mkahawa, akapanda cheo mpaka kwenye boti za wavuvi, na mwaka 1985, kwa mshahara wa kwanza uliobaki mfukoni baada ya kodi na chakula, akanunua saa mpya kabisa dukani, hatua chache kutoka gatini. Mwaka 1987 akarudi na saa hiyo, koti la ngozi na redio kaseti. Mtaani wakampa jina la Mgiriki. Mpaka anafariki, wako watoto waliodhani hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Saa ilikuwa imesimama miaka mingi. Baada ya arobaini mama alinikabidhi ikiwa ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na kitambulisho cha mpiga kura na miwani ya kusomea yenye mkono mmoja. "Itengeneze," aliniambia. "Mjomba wako hakuipata bure." Hakumtaja mjomba peke yake aliposema hivyo. Cherehani lilikuwemo ndani ya sentensi hiyo.

Nikaipeleka Kariakoo kwa mzee mmoja anayekaa barazani nyuma ya kisanduku cha kioo. Kabla ya kuifungua aliigeuza mara tatu mkononi, akaniambia ni nini hasa nilichokuwa nacho. Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuhusu saa hizi, pengine kupita kiasi, na sijaona alipokosea.

Ni Seiko, 6309-7040. Namba nne za mwanzo zinataja mashine iliyomo, nne za mwisho zinataja bodi. Bodi yake ni pana, imenenepa mbavuni na kulainika pembeni kama mche wa sabuni uliotumika nusu. Juu yake kuna pete inayozunguka, yenye alama za dakika: mzamiaji huielekeza alama kuu kwenye mshale wa dakika anapoanza kushuka, na baada ya hapo hahitaji kufanya hesabu, anasoma tu muda aliokaa chini. Kitufe cha pembeni hakiko pale kilipozoeleka. Kimesogezwa chini, kwenye namba 4, ambayo kwetu ni saa kumi, ili kisimchome mtu mkono anapoukunja, nacho hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa ili maji yasipite. Kwenye uso imeandikwa kuwa inahimili mita 150. Mashine ina vito 17. Haina njia ya kutiwa ufunguo kwa mkono. Inajijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono wa aliyeivaa. Ukiivua ukaiweka mezani, baada ya siku mbili hivi itasimama. Ni saa ya mtu asiyetulia, nikawaza, na nikajisikia mwerevu kwa wazo hilo. Baadaye nilikuja kuona aibu kwa uwerevu wa aina hiyo.

Mfululizo huu wa saa ulitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1988, na namba iliyochongwa mgongoni husema ilizaliwa lini. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, alama ya pili ni mwezi: 1 mpaka 9 ni Januari mpaka Septemba, sifuri ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Tatizo ni kwamba muongo hautajwi. Saa inayoanza na 7 huenda ni ya 1977 au ya 1987, na wakusanyaji hugombana kwa sababu hiyo. Ya mjomba ilianza na 4N. Kwa kuwa miaka ile 13 ina mwaka mmoja tu unaoishia na 4, hapakuwa na ubishi: Novemba 1984. Imetoka kiwandani Japani Novemba 1984, imenunuliwa mpya Piraeus 1985. Nilisimama pale barazani, magari yakipiga honi nyuma yangu, nikahisi kama shahidi wa familia yetu amepanda kizimbani na kula kiapo vizuri.

Kisha mzee akafungua mgongo.

Mafundi saa wana desturi ya zamani. Kila anayeitengeneza saa hukwaruza kwa ncha ya sindano, upande wa ndani wa mfuniko, alama yake na mara nyingi tarehe, ili fundi atakayefuata ajue nani alipita na lini. Mwenye saa haoni maandishi hayo. Ndani ya mfuniko wa mjomba kulikuwa na mkwaruzo mmoja: herufi chache za Kiarabu ambazo zimefutika mno kusomeka, na pembeni yake, kwa tarakimu za Kiarabu zilizo wazi kabisa, 86.

Mzee hakusema kitu. Alitoa mashine, akang'oa mishale, akainua uso wa saa, na chini yake likaonekana gurudumu la siku. Seiko hutengeneza magurudumu haya kwa lugha mbili mbili kulingana na soko ambako saa itauzwa, kila siku ikiandikwa mara mbili, na mwenye saa anachagua anayoitaka. La mjomba lilikuwa na Kiingereza na Kiarabu. Maisha yangu yote niliona MON, TUE, WED kwenye dirisha lile. Kumbe nusu ya gurudumu ilikuwa imekaa gizani.

"Hii ya Uarabuni," mzee alisema, akiwa bado na lenzi jichoni. "Marehemu alikuwa Oman? Saudia?"

"Ugiriki," nikamjibu.

Akaniangalia kwa lile jicho lisilo na lenzi, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Najua ushahidi wa saa una mipaka. Gurudumu la siku hubadilishwa na fundi yeyote mwenye mashine nyingine ya kuchukulia vipuri. Mabaharia hununua saa bandari moja na kuiuza bandari nyingine, na Piraeus haijawahi kukosa mabaharia. Lakini saa mpya ya dukani haifunguliwi mgongo ndani ya mwaka mmoja bila sababu, na fundi wa Piraeus hana sababu ya kuandika mwaka kwa tarakimu za Kiarabu. Kisha kuna ramani. Meli inayotoka Tanga kwenda Ugiriki hupita Bahari ya Shamu mpaka Mfereji wa Suez, na kabla ya mfereji kuna Aden, Jibuti, Port Sudan, Jeddah. Nahodha akigundua mtu kwenye shehena siku ya tano, bandari ya karibu siyo Piraeus.

Na kushushwa bandari isiyo yako ni bahati. Mwaka 1992, kwenye meli iliyoitwa MC Ruby, mabaharia waliwakuta wazamiaji wa Kiafrika waliopanda Ghana, wakawaua mmoja baada ya mwingine na kuwatupa baharini. Mmoja alitoroka akajificha ndani ya meli hiyohiyo mpaka ilipofika Ufaransa, na ni kwa sababu yake dunia ilijua. Wale ambao hakuna aliyetoroka kati yao, hatuna hadithi yao. Kwa hiyo nikiwaza kwamba mjomba hakufika Ugiriki, siwazi kwamba alitudanganya kuhusu safari ya kitalii. Nawaza kuna siku kadhaa ndani ya meli ile ambazo hakuwahi kumsimulia mtu yeyote, na Piraeus ilikuwa kifuniko alichozifungia.

Hapo ndipo mzee aliponiuliza swali lililonifanya niandike haya yote. Unyevu ulikuwa umeingia siku moja huko nyuma, na gurudumu la siku lilikuwa na madoa ya kutu. Baadhi ya siku zilisomeka kwa shida. Alikuwa na mashine nyingine ya 6309 iliyokufa, yenye gurudumu safi la Kiingereza na Kihispania. "Nikuwekee hili? Litang'aa kama jipya." Kisha, akionyesha mfuniko wa nyuma kwa ncha ya bisibisi: "Na huku nikisugua, mikwaruzo inatoka yote."

Kwa shilingi chache na nusu saa ya kazi, saa ingeweza kukubaliana na hadithi.

Wasomi watatarajia hapa nimlete Theseus na merikebu yake iliyobadilishwa mbao moja moja, na niulize kama saa ingebaki kuwa ileile. Sikuwa na shida hiyo. Waunda majahazi wa Pangani hubadilisha mbao kila mwaka na hakuna anayekosa usingizi. Jahazi ni lilelile kwa kuwa mwenyewe ni yuleyule. Mpira wa kuzuia maji niliukubali ubadilishwe, na kioo kilichopasuka pia. Swali langu lilikuwa jingine. Je, ninatengeneza saa, au ninatengeneza ushahidi?

Wazungu waliligombania jambo hili karne ya 19, wakizungumzia majengo. John Ruskin, Mwingereza, aliandika mwaka 1849 kwamba kulikarabati jengo la kale ili lionekane kama lilivyokuwa ni uongo tangu mwanzo hadi mwisho. Mfaransa Viollet-le-Duc, aliyeishughulikia Notre-Dame ya Paris, alikwenda upande wa pili kabisa. Yeye alisema wazi kuwa kukarabati ni kulirudisha jengo kwenye ukamilifu ambao huenda haukuwahi kuwepo wakati wowote. Nilipokuwa mwanafunzi nilimwona Ruskin kuwa mkali bila sababu na Viollet-le-Duc kuwa mtu wa vitendo. Barazani Kariakoo nilimwelewa Viollet-le-Duc upya, maana alichokuwa akikieleza ni hadithi ya mjomba: ukamilifu ambao huenda haukuwahi kuwepo, ukalindwa kwa miaka zaidi ya 30.

Lakini Ruskin hakuwahi kuosha maiti, na mimi nimeosha. Nilikuwa mmoja wa wanaume wanne tuliomwosha mjomba. Kabla hatujaanza, mzee aliyetuongoza alitukumbusha kile ambacho kila mtoto wa pwani hufundishwa: mwosha akiona kitu mwilini mwa maiti, kidonda, kovu, ulemavu uliofichwa, hakitoki nje ya chumba kile. Tunaita kusitiri. Aliyekufa hawezi tena kuvuta shuka ajifunike, kwa hiyo waliobaki ndio mikono yake. Sitaandika nilichokiona siku ile. Najua tu kwamba nilipokuwa nimesimama mbele ya saa iliyofunguliwa, uso wake kando, mishale yake imelazwa juu ya karatasi, nilihisi niko tena kwenye chumba kile, na mzee mwenye lenzi alikuwa ananiuliza kama tufunike.

Kwa nini basi nisifunike? Mama yangu ana zaidi ya miaka 70. Aliuza cherehani, chombo cha riziki yake, na alichonunua ni Ugiriki. Hakununua Jeddah. Mtaani kwetu kulikuwa na mizani isiyoandikwa popote: aliyerudi kutoka Ulaya alikuwa juu, aliyerudi kutoka Uarabuni alikuwa na pesa lakini si lolote, na aliyerudishwa njiani alikuwa kichekesho cha barazani. Mizani ile niliikuta, nikaitumia. Nikiwa shule ya msingi niliwaringia wenzangu kwa mjomba wangu Mgiriki, na kulikuwa na mtoto ambaye baba yake aliendesha lori Muscat tuliyemcheka.

Nilikaa na kumbukumbu hiyo siku nyingi kuliko nilivyokaa na Ruskin. Kama mjomba alibeba saruji Aden au aliosha vyombo Jeddah kwa miaka minne, akajinyima mpaka akanunua saa nzuri, iwe mpya au iliyokwisha valiwa na mtu mwingine, akarudi hai, aibu iko wapi? Haimo katika aliyoyafanya. Ilikuwa kwetu, tuliomsubiri gatini na mizani mkononi. Alitupa uzito tuliotaka kuupima. Sasa nikiingia ndani ya saa yake na kung'oa Kiarabu, nitakuwa nimeafiki kwamba kulikuwa na kitu cha kufichwa. Nitakuwa nimemsitiri kwa kuthibitisha hukumu ileile iliyomfanya ajifiche.

Na nikakumbuka kitu kingine kuhusu mwosha. Hasemi alichokiona, lakini pia hapaki rangi juu ya kovu. Anamkabidhi marehemu kaburini na kovu lake. Kunyamaza ni jambo moja, kughushi ni jingine, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiyachanganya kwa sababu yote mawili humwacha mama yangu na amani ileile asubuhi inayofuata. Tofauti iko kwa atakayefuata. Ukimya unamwachia mtu wa baadaye njia ya kujua, mtoto wangu kwa mfano, siku atakapoipeleka saa kwa fundi wake. Gurudumu safi la Kihispania lingemfungia njia hiyo, tena lingemzulia safari nyingine kabisa. Angeanza kumtafuta babu yake Barcelona.

Wakusanyaji wa saa, ambao vinginevyo ni watu wa ajabu kidogo, wanalijua jambo hili kwa lugha ya pesa. Mwaka 2017 saa ya Rolex iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Chuma na vito vyake ni sawa na vya nyingine za aina hiyo. Kilichouzwa ni kwamba aliyeivaa ni yeye na inathibitika hivyo. Ndiyo maana wanaogopa saa za kuungaunga, na ndiyo maana fundi mwaminifu humwandikia mwenye saa kila alichobadilisha. Mtu mmoja aliyeona picha niliyopiga alinipa bei ya kutosha kodi yangu ya miezi kadhaa, kwa sharti kwamba bodi isisuguliwe na gurudumu la Kiarabu liwepo. Kwake yeye Kiarabu kilipandisha bei. Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Sikumuuzia, ingawa mwezi ule nilikuwa nadaiwa.

Nilimwambia mzee aoshe mashine, atie mafuta, abadilishe mpira na kioo, na asiguse kingine. Madoa yabaki. Mfuniko wa nyuma usisuguliwe. Alitikisa kichwa kidogo, nadhani alikubali, kisha chini ya ile 86 akakwaruza alama yake na mwaka wetu.

Msomaji makini ameshaniuliza: na insha hii je? Nimesema mwosha hasemi, na hapa nimesema. Ni kweli. Kwa hiyo nami nimebadilisha vipuri viwili. Vitu viwili kati ya nilivyovitaja, ambavyo havihusu saa, sivyo vilivyokuwa, na majirani zetu wakisoma hawatatutambua. Nakiri hivyo hapa kama fundi anayeandika kwenye mfuniko. Sijui kama inatosha.

Kuna jambo moja kuhusu mashine hii ambalo sikulijua mpaka nilipoivaa wiki nzima kuijaribu. Siku haibadiliki kwa mkupuo. Saa sita usiku gurudumu huanza kusogea, na kwa kuwa kila siku imeandikwa mara mbili, lazima lipite kwenye lugha ya pili kabla ya kutua kwenye ile uliyoichagua. Ukiwa umeiweka kwa Kiingereza, kwa muda fulani kila usiku, wakati watu wamelala, dirisha linaonyesha Kiarabu. Kabla ya alfajiri linakuwa limesharudi kwenye Kiingereza.

Mjomba aliivaa saa hii miaka mingi. Bila shaka aliamka usiku mara nyingi.

Niliirudisha Tanga mwezi wa Rajabu. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaiweka sikioni kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, akasema inapumua. Alitaka ilale chumbani kwake kwa siku hizo nitakazokuwepo. Niliiweka kwenye stuli kando ya kitanda chake, siku ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, THU. Mama hajui Kiingereza cha kutosha kusoma barua, ila Kiarabu anakisoma vizuri tangu chuoni, na kila usiku huamka saa nane kuswali. Nilijua yote hayo nilipokuwa naiweka. Nimejiuliza kama huko ni kumheshimu, kumwachia mwenyewe achague cha kuona, au ni woga wa mtu aliyeiachia saa kazi yake. Siwezi kuapa.

Nilisikia mlango wake, kisha maji ya kutawadha. Kisha kimya kirefu.

Asubuhi nilimkuta uani anachambua mchele, saa ikiwa mkononi mwake, imezidi ukubwa, mkanda umefungwa tundu la mwisho. Aliniuliza kama nimelala vizuri. Nikasema nimelala.

"Hii saa ya mjomba wako," alisema bila kuinua macho kwenye ungo, "haina kelele hata kidogo usiku."